Nguo Isiyorudi Nyuma

Mfumaji wa Kimizo akiinuka kwenda kuepua chungu mekoni, kitanda chake cha kufumia kinakoma kuwa kitanda. Nyuzi zinalegea, vijiti vinalala sakafuni, na mgeni asiyejua angedhani ni fungu la kuni lililozongwa na pamba. Akirudi, akaketi, akapitisha mkanda nyuma ya kiuno na kujivuta nyuma kidogo, nyuzi zinawambika kama ngozi ya ngoma na kazi inaendelea pale ilipoishia. Hakuna fremu, hakuna miguu ya mbao, hakuna msumari. Ncha moja ya kitanda hicho imefungwa ukutani au kwenye nguzo ya nyumba. Ncha ya pili ni mwanamke mwenyewe.

Nyumba hiyo, msikilizaji, iko Mizoram, jimbo la milima kaskazini-mashariki mwa India, lililobanwa kati ya Bangladesh na Myanmar. Jina linajieleza kwa wenyewe: mi ni watu, zo ni milima, ram ni nchi. Sensa ya 2011 iliwahesabu watu milioni 1 na elfu 97 hivi katika jimbo zima, ambayo ni robo tu ya wakazi waliohesabiwa Dar es Salaam mwaka uliofuata. Mji mkuu, Aizawl, umeparamia mgongo wa mlima, nyumba juu ya nyumba, kiasi kwamba paa la jirani wa chini liko usawa wa mlango wa jirani wa juu.

Nguo ya kufumwa huko huitwa puan. Neno ni pana kama neno letu "nguo": shuka la kujitanda ni puan, na blanketi zito la kujifunika usiku wa baridi ni puanpui. Lakini Mmizo wa leo akisema fulani amevaa puan, wengi wataelewa ile ya kike inayozungushwa toka kiunoni hadi kifundo cha mguu, pindo likachomekwa ubavuni, bila kifungo wala zipu. Mswahili akimwona mvaaji atasema amejifunga leso, na hatakuwa amekosea sana. Tofauti ni kwamba leso hupigwa chapa kiwandani. Puan hujengwa uzi kwa uzi.

Kiswahili kina maneno mazuri ya kazi hii, ambayo siku hizi yamebaki kwenye kamusi zaidi kuliko midomoni. Nyuzi za urefu, zinazotangulia kutandazwa, ni mtande. Uzi unaopita katikati yake kwenda na kurudi ni mshindio, kwa sababu ukishapita lazima ushindiliwe. Mfumaji wa Kimizo hushindilia kwa bapa la mti mgumu lenye umbo la upanga, na mtu aliyeketi chumba cha pili hujua kazi inaendelea kwa kusikia ule mgoto mzito, kimya kidogo, kisha mgoto tena. Mwili wake ndio unaofanya yale ambayo kwenye mashine hufanywa na chuma. Akitaka kutenganisha nyuzi za juu na za chini ili apitishe mshindio, huinama mbele kidogo, mtande ukalegea. Akitaka kushindilia hujivuta nyuma, mtande ukakaza. Kwa siku moja huinama na kujivuta mara zisizohesabika, na ndiyo maana jambo la kwanza mfumaji wa aina hii atakalolilalamikia si macho wala vidole, ni mgongo.

Kuna mpaka ambao chombo hiki hakiwezi kuuvuka. Nguo haiwezi kuwa pana kuliko mikono ya mfumaji inavyofika kupokezana uzi kulia na kushoto. Kwa hiyo puan kubwa hufumwa vipande, kisha vipande hushonwa pamoja kwa urefu. Ule mshono ni wa kuangaliwa. Fundi hodari hupanga milia na nakshi za vipande vyake zikutane sawasawa pale vinapounganishwa. Asiye hodari, milia inapishana kidogo, na mashangazi kanisani wataiona kabla hajaketi.

Sasa tuiangalie ile inayowavuta wapigapicha, puanchei. Chei ni kupamba, kwa hiyo ni nguo iliyopambwa, na jina halikutiwa chumvi. Kuna milia myekundu, myeupe na myeusi, na katikati yake safu za nakshi za kijani, njano na rangi nyingine. Nakshi hizi hazitarizwi kwa sindano baada ya nguo kwisha. Huingizwa nguo ikiwa bado kitandani: kila baada ya mshindio wa kawaida, mfumaji huchukua kijiuzi cha rangi, akahesabu nyuzi za mtande kwa ncha ya kidole, akakipenyeza chini ya zile anazotaka na kukiacha kielee juu ya zile asizotaka. Akikosea hesabu kwa uzi mmoja, kosa litajionyesha safu tatu au nne mbele, na hapo hana njia ila kufumua. Mojawapo ya nakshi zinazopendwa huitwa kawkpuizikzial, yaani chipukizi changa la mkangaga lililojikunja kabla halijafunguka. Nyingine ni sakeizangzia, mgongo wa chui milia. Mianzi, mikangaga, wanyama wa mwituni: kinachoonekana kwenye nguo ndicho kilichokuwa nje ya mlango.

Hata pamba yenyewe ilitoka karibu. Wamizo walilima kwa kufyeka msitu wa mianzi mlimani, kuuacha ukauke, kuuchoma na kupanda mpunga kwenye majivu, na pamba ilikuwa miongoni mwa mazao ya mashamba hayo ya kuhamahama. Kuichambua mbegu kulifanywa kwa kinu kidogo cha mbao kinachozungushwa kwa mkono, herawt, na kuisokota kulifanywa kwa gurudumu liitwalo hmui.

Kazi hiyo ilikuwa ya jioni, na jioni za kijiji cha Kimizo zilikuwa na utaratibu wake. Vijana wa kiume walilala zawlbuk, bweni kubwa la makapera. Kabla ya kulala walizunguka nyumba zenye mabinti, desturi iliyoitwa nula rim, yaani kutongoza kwa mazungumzo. Wazazi wapo, moto unawaka, kijana ameketi anatafuta maneno. Binti anamjibu, lakini mikono haisimami: anachambua pamba au anazungusha hmui. Ni rahisi kuona hekima ya mpango huo. Msichana alikuwa na sababu ya kutomtazama mtu usoni, kijana alikuwa na nafasi ya kukagua bidii yake, na asubuhi mama alikuta kikapu kimejaa uzi. Mapenzi mengi ya nchi hiyo yameingia kwenye nguo kwa njia hiyo, wala hapo hakuna ushairi wowote: uzi ulisokotwa wakati watu wakitongozana.

Na nguo zilizotoka hapo, sehemu kubwa, zilikuwa za wanaume.

Hili ndilo linalowashangaza wengi wanaoiona puan leo kiunoni mwa wanawake. John Shakespear, ofisa wa Kiingereza aliyetawala huko na kuchapisha kitabu kuhusu koo za Walushei, kama Waingereza walivyowaita Wamizo, mwaka 1912, alieleza vazi la mwanamume kuwa ni shuka moja la kama futi 7 kwa futi 5, lililopitishwa juu ya bega la kushoto, likazungushwa mgongoni na chini ya kwapa la kulia, likavukishwa kifuani na ncha yake ikatupwa tena bega la kushoto. Kwa lugha fupi, walivaa lubega. Mzee yeyote wa bara aliyewahi kujitanda mgolole asingehitaji kufundishwa.

Shuka hilo lilisema mambo. Tawlhlohpuan, nguo nzito ya rangi ya giza yenye milia, ilikuwa ya mashujaa. Tawlh ni kusogea au kuteleza, loh ni kikanushi. Ni nguo ya mtu asiyesogea, asiyerudi nyuma adui akija. Kuivaa ilikuwa ni kutoa ahadi hadharani, na aliyeivaa akakimbia angejibu nini kijijini?

Ya juu zaidi ilikuwa nguo ya thangchhuah. Cheo hicho hakikurithiwa. Mtu alikipata kwa kuchinja ng'ombe wa kufugwa wenye asili ya mwitu na nguruwe na kuwalisha wanakijiji katika mfululizo wa karamu zilizoweza kummaliza tajiri, au kwa kuwinda wanyama wa orodha maalumu, tembo na dubu wakiwamo. Aliyefuzu aliruhusiwa kuvaa puan yake na kilemba chake, na kutoboa dirisha kwenye nyumba yake, jambo ambalo mtu wa kawaida hakuthubutu. Na hizo zilikuwa faida za hapa duniani tu. Wamizo wa kale waliamini kwamba njiani kuelekea kwa wafu anakaa mzee aitwaye Pawla na upinde wake wa kurusha vidonge vya udongo, akiwapiga wapitao. Thangchhuah hapigwi. Anavuka mto na kuingia Pialral, ambako chakula huletwa kimepikwa na hakuna kulima tena.

Kisha mambo yakabadilika kwa kasi ambayo ni nadra kuipata popote. Waingereza waliiteka milima hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1890. Tarehe 11 Januari 1894 wakafika wamisionari wawili, J. H. Lorrain na F. W. Savidge, wakaitungia lugha ya Kimizo herufi za Kirumi, na mwaka 1898 kamusi na sarufi yao ikachapishwa. Wamisionari wa Wales wakafuata. Ndani ya vizazi viwili hivi taifa zima lilikuwa limeingia kanisani. Sensa ya 2011 ilikuta Wakristo zaidi ya asilimia 87. Karamu za thangchhuah zikaisha. Pawla akakosa watu wa kuwapiga. Zawlbuk zikafungwa. Machifu nao wakaondolewa baada ya uhuru wa India, kwa sheria ya 1954. Na wanaume wakavaa suruali na koti.

Mtu angetegemea puan ifuate njia hiyo hiyo, iishie kwenye kabati za kioo za makumbusho. Haikuishia huko, na sababu ni wanawake. Nguo ambazo wanaume walizivua mabegani, wake na binti zao walizishusha kiunoni. Ngotekherh, yenye milia ya weusi na weupe, ilikuwa ya wanaume. Leo ni puan ya mwanamke. Tawlhlohpuan yenyewe, ile ya mtu asiyesogea, imesogea. Binti wa Aizawl huivaa na blauzi nyeupe na viatu vya kisigino. Waliozifuma tangu mwanzo ndio waliozirithi, na pengine haki ilikuwa upande wao siku zote.

Jumapili ndiyo siku ya kuona hili. Kanisa lililoleta suruali halikuigusa puan; kinyume chake, likaipa siku yake ya wiki. Kengele zikilia, ngazi zile ndefu za mawe na saruji zinazopanda na kushuka mitaa ya Aizawl hujaa wanawake waliojifunga puan, kitabu cha nyimbo mkononi, hatua fupi fupi kwa sababu nguo ni nyembamba na ngazi ni kali. Mazishi nayo yana puan yake. Pawndum maana yake ni nguo nyeusi: nyeusi iliyokolea, na milia michache ya rangi. Waswahili walikuwa na kaniki, nguo ya rangi ya giza iliyokuja kwa majahazi kutoka India, lakini kaniki ilikuwa ya kazi na ya kila siku. Pawndum ni ya msibani. Kwa desturi, bibi harusi huondoka kwao na pawndum ndani ya vyombo vyake, ili siku mumewe akifariki imfunike. Fikiria binti wa miaka 20 na kitu anapanga sanduku la harusi, blanketi la puanpui huku, vyombo huku, na chini kabisa ile nguo nyeusi iliyokunjwa vizuri. Hakuna anayeiona kuwa mkosi. Vijana wa Young Mizo Association, chama kilichoanzishwa 1935 na ambacho karibu kila mtu mzima ni mwanachama, watachimba kaburi bila malipo. Nguo ya kumfunika marehemu ni jukumu la mke.

Puanchei yenyewe imepata jukwaa jingine. Wakati miti iliyofyekwa ikikauka mlimani ikisubiri moto, wakulima wa Kimizo walikuwa na majuma kadhaa ya kupumzika, na hapo ndipo ilipokuwa sikukuu ya Chapchar Kut. Ilizimika zama za misheni, ikafufuliwa 1962 na kwa upana zaidi 1973, na sasa huangukia mwezi Machi kila mwaka. Ngoma yake kuu ni cheraw. Wanaume huchuchumaa wakigonga jozi za mianzi chini na kuzibana pamoja kwa mdundo. Wasichana waliovaa puanchei, blauzi ya kawrchei na taji la vakiria kichwani hucheza ndani na nje ya mianzi hiyo kabla haijawabana vifundo. Kwa masimulizi ya wenyewe, zamani ngoma hii ilichezwa kuisindikiza roho ya mama aliyefariki akijifungua. Tarehe 12 Machi 2010 ilichezwa na watu 10,736 kwa wakati mmoja mjini Aizawl, ikaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Ukizitazama picha za siku hiyo hutaona nyuso; utaona mstari mwekundu, mweupe na mweusi unaokwenda hadi macho yanapoishia.

Nguo nyingi kiasi hicho hazitoki kwenye kitanda cha kiunoni, na hapa lazima tuwe wakweli. Wafumaji wengi wanaouza sokoni leo hutumia kitanda cha fremu ya mbao chenye kanyagio. Mji wa Thenzawl, kusini mwa Aizawl katika wilaya ya Serchhip, unajulikana kwa kazi hii. Ukipita mitaani mwake unasikia vitanda vikigota nyumba hadi nyumba. Fremu huongeza kasi na humpumzisha fundi mgongo, nakshi zikaendelea kuingizwa kwa vidole vilevile. Pamba ya mlimani imetoweka pia. Uzi hununuliwa, huja kwa malori kutoka nje ya jimbo, na mwingi si pamba tena bali akriliki na nyuzi nyingine za viwandani zenye rangi kali. Wapo wanaosikitika. Lakini mila hii haijawahi kusimama mahali pamoja, na fundi anayelipia ada ya shule kwa puan hana sababu ya kuombwa arudi kwenye hmui ili watalii wapate picha.

Tatizo lake liko kwingine. Liko kwenye vitambaa vya mashine na vya kupiga chapa vinavyoiga milia na nakshi za puan, vinavyouzwa kwa sehemu ndogo ya bei. Mwaka 2019 puan tano zilisajiliwa katika ofisi ya India ya alama za utambulisho wa kijiografia iliyoko Chennai: puanchei, tawlhlohpuan, pawndum, ngotekherh na hmaram, ile ndogo ya pamba iliyotiwa nili. Ni sheria ileile, ya 1999, ambayo chai ya Darjeeling ilikuwa ya kwanza kunufaika nayo. Maana yake ni kwamba jina ni mali ya watu wa mahali: asiyekuwa mfumaji wa huko hana ruhusa ya kuuza kitambaa chake kwa jina la Mizo Puanchei. Wasikilizaji wa Kenya watakumbuka zogo la kikoi, takriban mwaka 2007, kampuni moja ilipoomba kujisajilia jina hilo kule Uingereza na Wakenya wakapinga mpaka ombi likakwama. Wamizo waliwahi mapema.

Ila usajili unalinda jina, hauwalindi wateja dhidi ya mifuko yao wenyewe. Anayenunua kitambaa cha kuiga mara nyingi si mgeni aliyedanganywa. Ni mama wa Kimizo mwenye mabinti watatu wanaotaka kucheza cheraw shuleni Ijumaa, naye anajua kabisa anachonunua. Puanchei ya mkono ni kazi ya wiki nyingi, na bei yake inaonyesha hivyo. Hakuna hakimu wa Chennai anayeweza kumkataza mama huyo kuchagua cha rahisi, wala pengine haifai akatazwe. Ile ya kweli atamnunulia binti siku ya harusi.

Na siku hiyo hataangalia upande wa mbele. Ataichukua nguo, ataigeuza, na kupitisha kiganja upande wa ndani. Kitambaa cha chapa kitakuwa kimefifia na laini huko nyuma, rangi haijapenya vizuri. Puan ya mkono itakuwa na vijincha vya nyuzi pale kila rangi ilipoanza na kuishia, vidogo, vikwaruzi kidogo, na mama atavifuata kwa kidole safu hadi safu akihesabu, kabla hajataja bei.